Plastiki nayo ina safi na fifi

Mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa aliyevuna kabla ya soko huria hahitaji kuelezwa maana ya safi na fifi. Safi ni pamba nyeupe, kavu na isiyo na takataka. Fifi ni ile yenye madoa, iliyoshambuliwa na wadudu au iliyonyeshewa mvua. Familia ilikaa chini nyumbani ikachambua, kila daraja likatiwa kwenye gunia lake, na wakati wa kuuza kila daraja lilikuwa na bei yake.

Utaratibu huo ulilegea baada ya biashara ya pamba kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994. Wanunuzi walikuwa wengi na kila mmoja alitaka kujaza lori lake kabla ya mwenzake. Pamba ikanunuliwa bila kutazamwa sana, bei ikawa moja, na mkulima aliyehangaika kuchambua akaambulia bei sawa na jirani aliyetia maji na mchanga. Matokeo tunayajua. Sifa ya pamba yetu katika soko la dunia ilishuka, na aliyeumia mwishoni ni mkulima yuleyule.

Nimeanza na pamba kwa sababu kuna bidhaa nyingine ambayo wakulima na wafugaji wa samaki wa Mwanza wanaweza kuinunua bila kujua kama ni safi au fifi. Bidhaa hiyo ni bomba la plastiki. Dukani mabomba hufanana: yote meusi, yote yanang'aa, yote yamekunjwa kwa roli. Hata hivyo, mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kupishana uhai kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokea katika dakika chache tu kiwandani, wakati plastiki imeyeyuka. Tofauti hiyo inapimika kwa kifaa rahisi. Kwa maoni yangu, wakati umefika kipimo hicho kiwe karibu na mkulima, kisomeke kwenye bomba, na kitumike kupanga bei.

Kwa nini suala hili ni la sasa? Kwa sababu fedha nyingi zinaingia kwenye plastiki. Tangu Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013, wito wa kuacha kilimo cha kutegemea mvua umeongezeka, na katika wilaya za Magu, Misungwi na Sengerema anayetaka kupandisha maji kutoka ziwani au kwenye bwawa ananunua pampu, bomba na mipira ya matone. Kwenye maji yenyewe, Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Mwanza kukabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki kwa njia ya mkopo. Fremu za vizimba vya kisasa hutengenezwa kwa mabomba ya polithini nzito, yale ambayo mafundi huyaita HDPE. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Swali langu ni moja: vimeundwa kwa plastiki gani? Maana bomba likipasuka na samaki wakatoka, deni linabaki zima.

Ili tuelewane, tuingie kiwandani. Bomba la plastiki hutengenezwa kwa mashine inayofanya kazi kama ile ya kusagia nyama. Punje za plastiki humiminwa kwenye faneli, zikaangukia ndani ya pipa refu la chuma lenye skrubu inayozunguka. Pipa limezungukwa na hita za umeme. Skrubu inasukuma, inaponda na inakandamiza, mpaka punje zinakuwa uji mzito unaotokea kwenye mdomo wenye umbo la duara. Uji huo unapozwa kwa maji na kuwa bomba. Mifuko, kamba, nyuzi za nyavu na nyuzi za viroba vya mazao hutengenezwa kwa njia ya jamii hiyo hiyo, kinachobadilika ni umbo la mdomo tu.

Polithini ya mabomba huyeyushwa na kusukumwa kwenye joto la nyuzi 190 hadi 220 hivi za Selsiasi. Hapo ndipo mambo yanapoweza kuharibika. Plastiki ni minyororo mirefu mno ya kaboni iliyosokotana. Mkulima wa pamba anaweza kuifikiria kama nyuzi. Watafiti wa Ukiriguru, pale Misungwi, ambao mbegu zao za pamba hubeba majina yanayoanza na herufi UK, wanajua kwamba urefu wa nyuzi ni moja ya sifa zinazoipa pamba thamani, kwa sababu nyuzi ndefu hushikana na kutoa uzi imara. Nyuzi fupi hutoa uzi unaokatika. Minyororo ya plastiki nayo ni hivyo hivyo. Bomba la maji ya msukumo linahitaji minyororo mirefu, kwa sababu ndiyo inayoshikilia ukuta wa bomba usipasuke polepole mwaka hadi mwaka.

Joto, nguvu ya skrubu na hewa ya oksijeni iliyobaki ndani ya pipa hushambulia minyororo hiyo. Namna inavyoharibika inategemea aina ya plastiki.

Polipropilini, ambayo ndiyo plastiki ya viroba vingi na kamba nyingi, hukatika. Mnyororo mmoja mrefu unakuwa miwili au mitatu mifupi. Uji wake unakuwa mwepesi na kutiririka haraka zaidi. Polithini inaweza kwenda pande mbili kutegemea ilivyotengenezwa tangu mwanzo. Baadhi hukatika na kuwa nyepesi, na nyingine minyororo yake hushonana ubavuni, uji ukawa mzito na kujaa chembe ngumu zisizoyeyuka, mfano wa madonge kwenye ugali usiosongwa vizuri. PVC, ile ya mabomba magumu ya kijivu au meupe, hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, rangi yake ikageuka njano, kisha kahawia, kisha nyeusi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi, na asidi hiyo inakula chuma cha mashine yenyewe. Ndiyo maana PVC haitengenezwi kabisa bila kuongezewa dawa ya kuilinda na joto.

Si kila mkatiko ni hasara. Viwanda vingine hukata minyororo ya polipropilini kwa makusudi, kwa kutumia peroksaidi, ili uji uwe mwepesi na kutoa nyuzi nyembamba sana za vitambaa kama vile vya barakoa. Lakini hiyo ni kazi iliyopangwa na kupimwa. Bomba la maji ni kazi nyingine. Pale mkatiko usiotarajiwa ni ugonjwa.

Ugonjwa huo unaonekanaje shambani? Bomba lenye minyororo mifupi hushika maji vizuri siku ya kwanza, hata mwezi wa kwanza. Ufa mdogo huanzia kwenye kiungo, kwenye pindo au pale lilipolalia jiwe, kisha hutembea kidogo kidogo mpaka siku pampu inapowashwa kwa nguvu na bomba linafunguka kwa urefu. Kwa mipira ya matone hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ukuta wa mipira ya bei nafuu hauzidi sana sehemu mbili za kumi za milimita. Donge moja gumu kwenye ukuta kama huo ni tundu linalosubiri siku yake. Na uji uliotoka mdomoni kwa mawimbi, mara mzito mara mwepesi, hutoa mpira wenye unene usiolingana na vitoleo vya maji visivyolingana. Miche ya mwanzo wa tuta inalowa, ya mwisho inanyauka, na mkulima anadhani mbegu ilikuwa mbovu.

Zipo sababu mbili zinazofanya tatizo hili litugusie kwa namna ya pekee. Ya kwanza ni umeme. Nchi imepitia vipindi vya mgao mkali, ukiwamo wa mwaka 2006, wa 2011 na ule ulioanza 2023. Kuanza kwa mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere Februari 2024 kumeleta ahueni kubwa kwenye uzalishaji, lakini kukatika kwa umeme kunakotokana na nguzo, nyaya na transfoma hakumalizwi na bwawa peke yake. Umeme ukikatika ghafla, skrubu inasimama huku pipa likiwa limejaa uji wa moto. Uji unakaa pale ukiendelea kuiva. Ukirudi, mwenye kiwanda makini husafisha pipa na kutupa au kutenga kilichoungua. Asiye makini hukisukuma mbele na kukiuza kama bomba.

Sababu ya pili ni plastiki chakavu. Kila inapoyeyushwa upya, plastiki hupita tena kwenye joto na skrubu ileile. Dawa ya kuilinda, iliyowekwa na mtengenezaji wa kwanza, hupungua kila safari. Zaidi ya hapo, chakavu kinachokusanywa mitaani ni mchanganyiko. Ndoo, viti na kreti hutengenezwa kwa plastiki nyepesi ya kutiririka, ili ijaze kalibu haraka. Plastiki ya bomba inatakiwa iwe nzito na ya kutiririka polepole. Ukisaga kreti na ndoo ukazigeuza kuwa bomba la msukumo, umetumia fifi mahali pa safi, hata kama hujaunguza kitu. Vizibo vya polipropilini, vipande vya PVC na mchanga vikiingia humo, bomba linazidi kudhoofika.

Sasa tuje kwenye kipimo. Ni kifaa cha kukaa juu ya meza. Unachukua gramu chache za plastiki, unazitia kwenye silinda iliyopashwa joto la nyuzi 190, unaweka juu yake uzito wa kilo 5, na chini kuna tundu lenye upana wa milimita 2 na kidogo. Unapima ni gramu ngapi zinatoka kwa dakika 10. Basi. Plastiki nzuri ya mabomba ya polithini hutoa chini ya gramu moja na nusu hivi, na zile bora kabisa hazifiki hata gramu moja. Kikitoka kingi mno, minyororo ni mifupi. Ukipima punje kabla hazijaingia mashineni na bomba lililotoka, ukakuta namba zimeachana sana, umejua kwamba mashine imeiharibu plastiki njiani.

Uzuri wa kipimo hiki ni ukali wake. Kanuni ya wanasayansi wa plastiki ni kwamba uzito wa uji huongezeka kwa urefu wa mnyororo kwa nguvu ya 3.4. Kwa lugha ya sokoni, minyororo ikifupika kwa nusu, uji hutiririka kwa urahisi wa karibu mara 10. Kwa hiyo hata uharibifu mdogo, ambao jicho na mkono haviwezi kuuona, huonekana wazi kwenye mizani.

Kiwango cha kimataifa cha mabomba ya maji ya polithini, ISO 4427, kinatumia kipimo hikihiki. Kinataka mtiririko wa plastiki ya bomba usiachane na ule wa malighafi kwa zaidi ya asilimia 20. Kinataka pia kipande cha bomba kikiwekwa kwenye joto la nyuzi 200 katika oksijeni, kivumilie angalau dakika 20 kabla ya kuanza kuungua, ili ijulikane kama dawa ya kulinda bado ipo. Kinataka masizi meusi ya kukinga jua yawe asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito. Na hakiruhusu plastiki chakavu kutoka nje ya kiwanda. Bomba linalotimiza masharti hayo hukadiriwa kudumu miaka 50 kwenye maji ya nyuzi 20. Sisi tulio karibu na Ikweta, tunaoanika mabomba juu ya ardhi kwenye jua la mwaka mzima, tunahitaji masharti hayo kuliko walioyaandika.

Msomaji atauliza: kama bomba bovu lina hasara kiasi hicho, kwa nini linanunuliwa? Hapa niruhusiwe kuingia kwenye fani yangu. Tuchukue mfano wa hesabu. Bomba imara la ekari moja ya nyanya ni Sh1,000,000 na linadumu miaka 10. Bomba dhaifu ni Sh600,000 na linadumu miaka 3. Ukigawanya tu, la kwanza linakugharimu Sh100,000 kwa mwaka na la pili Sh200,000. Ukiingiza riba ya asilimia 15 kwa mwaka, la kwanza linakuwa kama Sh199,000 kwa mwaka na la pili Sh263,000. Bado imara ndilo nafuu.

Lakini endelea kupandisha riba. Ikifika asilimia 30 hivi, gharama za mabomba hayo mawili zinakaribia kulingana, na ikipita hapo bomba dhaifu ndilo linaloonekana nafuu. Anayekopa mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi ameshapita hapo zamani. Kwa hiyo mkulima anayechagua bomba la bei ya chini si mjinga. Anapiga hesabu sahihi kwa fedha ghali. Ambacho hakimo kwenye hesabu yake ni zao linalokauka bomba likipasuka katikati ya msimu wa maua, na hicho hawezi kukiingiza kwa sababu hajui bomba lipi litapasuka.

Kutojua huko ndiko kunakoharibu soko lote. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika. Alisema mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, atakubali kulipa bei ya wastani tu. Mwenye gari zuri ataona bei hiyo haimfai na atajiondoa sokoni. Yatabaki mabovu. Kwa hoja hiyo na kazi zilizofuata, alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2001. Wakulima wa Usukuma waliyaona hayohayo kwenye mizani ya pamba bila kusoma kitabu chake. Mwenye kiwanda anayetumia punje mpya, anayesafisha pipa lake kila umeme unapokatika, hana njia ya kumthibitishia mnunuzi. Anashindana kwa bei na asiyefanya hivyo. Mwishowe naye atafuata mkumbo au atafunga.

Upande wa mazingira nao usisahaulike. Plastiki iliyochoka haiozi, inamong'onyoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia sangara na sato walionunuliwa hapa Mwanza, ulithibitisha vipande vya plastiki tumboni mwa samaki mmoja kati ya kila watano waliochunguzwa kwa kila aina, na polithini ilikuwa miongoni mwa plastiki zilizotambuliwa. Sisemi kwamba vipande hivyo vilitoka kwenye mabomba. Lakini ukweli kwamba plastiki dhaifu iliyoachwa juani kando ya ziwa hugeuka makombo hauna ubishi, na asilimia 51 ya ziwa hili ni yetu.

Wapo watakaosema kwamba nataka kuua biashara ya chakavu, inayowalisha vijana wanaookota madumu na chupa kuanzia Kirumba hadi Igoma. Hapana. Kila dumu linalookotwa ni dumu moja pungufu ziwani. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Juni 1, 2019, tulifunga mlango mmoja, lakini plastiki nyingine zote bado zipo na lazima ziwe na pa kwenda. Plastiki chakavu ina kazi zake nzuri: nguzo za uzio, ndoo za taka, mabomba ya kupitishia nyaya, mabomba ya maji machafu yasiyo na msukumo, miti ya vitalu. Hata pamba fifi haikutupwa. Ilinunuliwa kwa bei yake. Tatizo halikuwa kuwapo kwa fifi, tatizo lilianza pale fifi ilipouzwa kwa jina la safi.

Wengine watasema Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lipo, na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009 inalipa mamlaka ya kutosha. Ni kweli. Lakini sheria ni meno, na meno yanahitaji macho. Ukaguzi wa nyaraka na nembo hautoshi kwa bidhaa ambayo uharibifu wake hutokea siku moja umeme ulipokatika na siku ya pili haupo. Lazima bomba lenyewe lichukuliwe dukani, likatwe kipande na kipimwe.

Napendekeza mambo manne.

Kwanza, kifaa cha kupima mtiririko kiwekwe Mwanza mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuingia, kwa mfano SIDO au VETA, kwa usimamizi wa TBS. Kwa ada ndogo, chama cha ushirika au mfugaji wa vizimba apeleke kipande cha bomba na apewe namba yake. Kifaa hicho hakihitaji jengo la kifahari wala daktari wa kemia. Fundi aliyefundishwa vizuri, mizani sahihi na umeme wa kuaminika vinatosha.

Pili, kila bomba la msukumo liandikwe aina ya plastiki, kipenyo, shinikizo, jina la mtengenezaji na tarehe. Na bomba lililotengenezwa kwa chakavu liandikwe hivyo kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, na lisiuzwe kama bomba la msukumo. Mkulima ana haki ya kujua kama ananunua safi au fifi.

Tatu, wanaonunua kwa wingi waanze. Halmashauri, Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, vyama vya msingi vya ushirika na mabenki yanayokopesha vizimba, wote waweke kwenye zabuni sharti la namba ya mtiririko kabla na baada ya mashine. Benki inayokopesha fedha za kizimba cha miaka mingi bila kuuliza plastiki yake inajikopesha hatari. Na kwa kuwa tumeona riba kubwa ndiyo inayomsukuma mkulima kwenye bomba dhaifu, mkopo wa bomba lililopimwa uwe na riba nafuu kuliko wa lisilopimwa. Hapo kipimo kitakuwa kimemlipa mkulima mwenyewe.

Nne, safi na fifi ianzie kwa waokotaji. Anayetenganisha madumu ya polithini, vizibo vya polipropilini na vipande vya PVC alipwe zaidi ya anayeleta vyote kwenye kiroba kimoja. Njia ya kutenganisha ipo mlangoni petu: kwenye maji, polithini na polipropilini huelea, PVC na plastiki ya chupa za maji ya kunywa huzama. Beseni moja la maji linaanza kazi ambayo mashine ya mamilioni haiwezi kuirekebisha ikishaharibika.

Wakati tukisubiri hayo, mkulima asikae mikono mitupu. Kabla ya kulipa, soma maandishi kwenye bomba, lisilo na maandishi liache dukani. Kata kipande na utazame ukuta: ukiona mapovu, chembe au unene usiolingana, usinunue. Pitisha kidole ndani, kama kuna mawimbi na ukwaru, jua uji haukutiririka sawasawa. Nusa, harufu kali ya kuungua ni ushahidi. Dai risiti inayotaja aina ya bomba, na weka kipande kimoja nyumbani chenye tarehe. Siku kipimo kitakapofika Mwanza, kipande hicho kitasema kweli ambayo muuzaji hakuisema. Ukaguzi huu hauwezi kuchukua nafasi ya mizani, kwa kuwa bomba lenye minyororo mifupi linaweza kuwa laini na la kung'aa, lakini utakuondolea yale mabaya kabisa.

Tulichelewa kwenye pamba. Tuliacha mizani ipime uzito tu na kusahau ubora, na tukatumia miaka mingi kujaribu kurudisha jina tulilolipoteza. Umwagiliaji na ufugaji wa vizimba bado ni biashara changa kwenye fukwe zetu. Waliokopa leo wakipata hasara, watoto wao hawatakopa kesho, na wataamini kwamba kilimo cha kisasa ni maneno ya semina. Bomba likiwa safi, liitwe safi na liuzwe kwa bei yake. Likiwa fifi, liitwe fifi, lipelekwe kwenye kazi yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kizuri hakiwezi kujiuza mahali ambapo hakuna anayekipima.